Maua ya Giligilani Katikati ya Kahawa

Kazi niliyopewa na mwalimu wa biolojia ilinifaa kwa sababu haikuhitaji kuongea na mtu. Kabla hatujafunga shule mwezi wa Desemba alituambia kila mmoja akachague kipande cha shamba kwao, akitazame likizo nzima, halafu arudi kueleza ni viumbe gani wanaishi pale na nani anamla nani. Wenzangu waliguna. Mimi nilifurahi, ingawa sikuonyesha.

Shuleni wamenizoea kama mtu wa dawati la nyuma. Nikiulizwa swali jibu ninalo, lakini likifika kooni linakaa hapo hapo mpaka mwenzangu analisema yeye na kupigiwa makofi. Nyumbani ni hivyo hivyo. Wageni wakipiga hodi, mimi ndiye wa kwanza kukumbuka kwamba maji yamekwisha, nachukua ndoo na kupotelea mtoni.

Nyumbani ni kwa Bibi, mama yake mama, huku juu Mgeta, ambako ukiteleza njiani unaokotwa shambani kwa jirani wa chini. Baba na mama wako bondeni kwenye miwa, baba anafanya kazi kiwandani. Mimi nilibaki na Bibi tangu mdogo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama na ardhi ni ya ukoo wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu.

Kijiji kilikuwa na shamba la ujamaa la kahawa, ubavuni mwa mlima, juu kidogo ya ghala. Kuchuma tulichuma wote pamoja, lakini palizi iligawanywa: kila nyumba ilikuwa na mistari yake ya kutunza. Mistari ya Bibi ilikuwa ya pembeni kabisa, ukingoni mwa korongo. Niliichagua hiyo kwa sababu hapakupita watu.

Sasa lazima niseme mistari ya Bibi ilivyokuwa, maana ndiyo iliyoleta maneno. Katikati ya kahawa alikuwa amepanda maharage mafupi, vitunguu, figili na giligilani. Zamani kila mtu alichanganya namna hiyo, lakini amri za siku hizi zilitaka kahawa ikae peke yake, na wengi walikwisha acha. Bibi hakuacha. Tena, mboga zake alikuwa ameziachia zikarefuka, zikachanua. Figili zilitoa maua meupe, ya giligilani yakawa kama povu la sabuni lililomwagwa kati ya miti.

Kwetu mboga ikichanua shambani ni aibu ya mwanamke. Lori linalobeba mboga kwenda Dar es Salaam linataka majani machanga, kwa hiyo ukionekana na maua, maana yake siku ya lori wewe ulikuwa umelala. Jirani yetu wa chini, ambaye namwita mama mdogo, alikuwa hapiti bila kusema neno.

"Mama," alimwambia Bibi siku moja, "shamba lako limevaa veli. Tuambie harusi ni lini, tuandae pombe."

"Harusi ni siku utakayokuja kuniomba mbegu," Bibi akamjibu bila kuinua kichwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya Bibi, hakuwa na nyingine. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi leo, kesho halina, na mbegu tulikwisha sahau zinauzwaje. Bibi alitaka mbegu, basi. Wadudu hakuwa na habari nao.

Mwenye habari na wadudu nilikuwa mimi, kwa ajili ya ile kazi ya shule. Nilikuwa nachuchumaa pale asubuhi jua likishatoka, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyosahau kunywa chai. Juu ya giligilani palikuwa na msongamano kama wa siku ya gulio. Walikuwepo nyuki, nzi wembamba wenye mistari ya njano ambao husimama hewani kama wamening'inizwa kwa uzi, wale wadudu wa mviringo wekundu wenye madoa meusi mgongoni, na nyigu wa kila ukubwa. Wengine walikuwa wadogo mno hata nikadhani ni vumbi, mpaka vumbi likaanza kutembea.

Kwenye kahawa yenyewe adui mkubwa alikuwa kunguni wa kahawa. Ni mdudu bapa, mweusi mwenye mapambo ya rangi ya machungwa na nyeupe, mzuri kwa sura na mbaya kwa tabia. Anadunga tunda bichi, anafyonza, na buni ndani inatoka na madoa. Mayai yake huyataga chini ya jani, yamepangwa kama shanga nyeupe. Nilipokuwa napindua majani ya Bibi niliona shanga nyingi si nyeupe, ni za kijivu. Sikuelewa. Nikachuma jani lenye mayai ya kijivu, nikalitia kwenye chupa ya jamu, nikafunga mdomo kwa kitambaa na kuiweka dirishani.

Baada ya siku chache nilikuta ndani ya chupa hakuna kunguni hata mmoja. Walikuwemo nyigu wale wadogo, wale wa vumbi, wanapanda ukuta wa chupa. Mayai yalikuwa yametobolewa. Nilikaa kitandani nikiwa na chupa mapajani. Ina maana nyigu alikuwa ametaga yake ndani ya mayai ya kunguni, na watoto wake wamekula humo humo! Nilirudi shambani nikapindua majani ya mistari ya jirani iliyopaliliwa mpaka ardhi ikang'aa. Kule shanga karibu zote zilikuwa nyeupe.

Nilitaka kumwambia mtu. Nilimwambia Bibi.

"Kwa hiyo wanakula mayai," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na giligilani yangu hawali?"

"Wanakunywa utamu wa maua tu."

"Basi wakaribie," akasema, na kuendelea kuchambua maharage.

Mjomba alikuja wiki hiyo hiyo. Mjomba ni mtoto wa Bibi, na ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Alisimama mlangoni na jembe begani, nikajua kuna jambo kwa sababu kwa kawaida huingia bila hodi.

"Mama," alisema, "kamati imekaa. Wakubwa wanakuja kutoka mjini kukagua shamba. Jumamosi ni kazi ya kijiji, kila kilicho kati ya kahawa kinang'olewa, halafu bwana shamba anapuliza dawa shamba zima. Atakayekataa, mistari yake inapewa nyumba nyingine."

"Nilikuzaa kwa shida, leo unaniletea jembe."

"Mama, sikuja kama mwanao. Nimekuja kama balozi."

"Basi balozi abaki nje. Mwanangu aingie ale."

Mjomba aliingia akala, lakini habari haikubadilika. Nilimwona anavyomwangalia Bibi kwa pembeni, akiona aibu. Watu wangesema balozi anang'oa za wengine na za mamake anaziacha. Bibi naye aliliona hilo. Alipomaliza kuosha mikono alisema taratibu kwamba atang'oa mwenyewe Ijumaa, mwanawe asichekwe. Mbegu atapata atakazopata.

Mimi ndiye niliyesema hapana. Nilisema kwa sauti ndogo mno hata Mjomba akauliza, "Umesema nini?"

"Zising'olewe," nikasema. "Na dawa isipigwe pale."

Mjomba alinitazama kama kuku aliyebweka. "Nenda kamwambie bwana shamba basi," akasema. Nadhani alikuwa anatania. Alijua mimi siwezi kwenda kumwambia hata muuza duka kwamba amenipunja.

Nilikwenda. Njia nzima niliyapanga maneno: shikamoo bwana shamba, samahani kukusumbua, naomba nieleze. Nilimkuta ghalani amefungua bomba la kupulizia dawa na kulitawanya vipande juu ya gunia. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mtu wa Uzigua, na kofia ya kaki ambayo nadhani alilala nayo. Watu walimwogopa kidogo kwa sababu hakubembeleza.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Hapana."

"Mgonjwa?"

"Hapana."

"Umekuja kuangalia bomba?"

Yale maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yameondoka. Nilisimama nikikwangua sakafu kwa kidole gumba cha mguu. Yeye aliendelea kusafisha mpira wa bomba kwa mate na kitambaa, na nashukuru hakunitazama, maana angenitazama ningekimbia.

"Kwenye mistari ya Bibi," nikasema mwishoni, "kuna wadudu wanaoua mayai ya kunguni. Naomba uje uone kabla ya Jumamosi."

"Wewe ni yule wa sekondari?"

"Ndiyo."

"Mboga inanyang'anya kahawa chakula na maji. Hilo hamkufundishwa?"

"Tumefundishwa."

"Na magugu yanaficha wadudu."

"Ndiyo. Lakini wengine ndio hao wazuri."

Alicheka kwa pua. Akasema atapita Ijumaa asubuhi mapema, kwa sababu mchana anashuka kwenda kuchukua dawa, na kwamba atatazama mara moja tu. "Mara moja," alirudia, akinyoosha kidole. Nilirudi nyumbani bila hata kumuaga, lakini nilikuwa nimesema.

Ijumaa palikuwa na ukungu. Si ukungu wa kuondoka, ni ule wa Desemba unaokaa kwenye korongo kama ng'ombe aliyegoma. Nilitangulia shambani alfajiri nikaona maua yote yamelowa na kuinama, na juu yake hakuna hata nzi. Wadudu wangu wote walikuwa wamelala mahali fulani wanakojua wao. Nilitaka kulia. Nilijua kabisa kwamba kwenye baridi hawaruki, nilikuwa nimewatazama wiki nzima, na sikufikiri kumwambia aje jua likiwaka!

Bwana shamba alikuja akipanda kwa fimbo, Bibi nyuma yake na birika la chai ya tangawizi. Walikuwa wamekwisha anza utani, maana Mzigua kwetu Waluguru ni mtani. Mtani anaweza kukucheka hata msibani na huna pa kumshtaki. Anaweza kuchukua kitu chako, na hurudishiwi mpaka umempa anachotaka.

"Nyie watu wa milimani," alikuwa anasema, akihema, "mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi, kwa kutembea ubavuni. Mkishuka Morogoro mnapinda kama kaa."

"Na nyie wa bondeni," Bibi akajibu, "mkiona ukungu mnaita zimamoto."

Alifika, akasimama kwenye mistari, akatazama kushoto na kulia. Alitikisa giligilani moja kwa fimbo, maji yakadondoka.

"Wako wapi askari wako?"

"Bado hawajaamka," nikasema.

"Askari gani wanaamka baada ya bwana shamba?" Akacheka, Bibi naye akacheka, hata mimi ningecheka kama lisingekuwa shamba letu. Kisha akasema neno la kweli: aliinama karibu na shina la kahawa moja, akaonyesha figili iliyokuwa imeota imeligusa. "Tazama hapa. Mizizi hii inakula sahani moja na mti. Majani ya kahawa yamekuwa ya njano. Hili huwezi kulikataa."

Sikulikataa. Ulikuwa ukweli, na mimi sikuwa nimeuona kwa kuangalia maua tu.

"Basi," akasema. "Nimekuja, nimeona. Mtani, asante kwa chai ambayo sijaionja." Akageuka kuondoka.

Sijui niseme nini kuhusu nilichofanya, ila kwamba nilikifanya. Niliruka nikamvua kofia. Nikaificha nyuma ya mgongo wangu na kurudi hatua mpaka nikagusa mti.

 Halafu Bibi akapiga kigelegele kimoja kifupi, kikagonga ng'ambo ya korongo na kurudi. "Kakamatwa!" akasema. "Mtani kakamatwa na mtoto!"

"We binti," bwana shamba alisema, akishika kichwa chake, na nikaona kumbe ana kipara. "Lete kofia."

"Haitoki," nikasema. Sauti ilikuwa yangu lakini sikuizoea. "Haitoki mpaka jua litoke."

"Nitachelewa lori."

"Watani hawachelewi, wanachelewesha wengine," Bibi akasema, akammiminia chai. "Kaa hapo. Kichwa hicho kitapata mafua, kwa hiyo omba jua lije upesi."

Angekuwa mtu wa kabila jingine angenichapa kibao, na angekuwa na haki. Lakini utani ni utani. Alikaa juu ya jiwe akanywa chai, akilalamika kwa sauti kubwa kwamba Waluguru wameiibia serikali kofia. Na mimi, kwa kuwa sasa nilikuwa nimekwisha haribu adabu zote, sikuwa na cha kuogopa tena. Nilimletea chupa ya jamu. Nilimletea jani lenye shanga nyeupe kutoka kwa jirani na jani lenye shanga za kijivu kutoka kwetu, nikayaweka mapajani mwake yote mawili.

 Alitoa mfukoni miwani yenye mguu mmoja uliofungwa kwa uzi, akaisogeza chupa machoni.

"Hawa wametoka ndani ya mayai ya kunguni? Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe."

"Mwalimu gani alikufundisha?"

"Hakuna. Nilitazama."

Jua lilitoka kwa kuchungulia. Ukungu ulianza kupanda kutoka kwenye korongo vipande vipande, na giligilani ikaanza kutoa mvuke na ile harufu yake ambayo wengine wanaipenda na wengine wanasema ni ya kunguni. Alianza kuja nzi mmoja mwenye mistari, akasimama hewani. Wakaja nyuki. Wakaja wale wadogo. Bwana shamba aliinama mpaka pua yake ikawa ndani ya maua, na alikaa hivyo muda mrefu, kipara chake kikiwaka.

Nilimrudishia kofia. Hakuivaa mara moja.

"Sikia," alisema, na sasa alikuwa anaongea kama mtu mzima anavyoongea na mtu mzima. "Amri ya kamati siwezi kuifuta kwa sababu ya chupa ya jamu. Nitaomba mistari hii iachwe kama ya majaribio, bila dawa. Mboga zilizogusa mashina mtazing'oa leo hii, zinazobaki ziwe mbali, hatua nzima. Na mchumo ukifika tutapasua buni zenu mbele ya kamati. Zikiwa na madoa mengi kuliko za wengine, mistari inakwenda nyumba nyingine, na jembe la kwanza nitashika mimi."

"Sawa," Bibi akasema.

"Namuuliza huyu."

"Sawa," nikasema.

Nilishinda siku ile nang'oa figili zilizogusa mashina. Iliniuma, lakini niling'oa kwa mkono wangu, na nyingine tulizipika.

Jumamosi watu walikuja na majembe wakiimba, wakalima kuanzia ghalani hadi kwetu, na nyuma yao ardhi ilibaki nyekundu na tupu. Walipofika mstari wa mwisho kabla ya wetu Mjomba akasema, "Hapa basi," bila kumtazama mtu. Mama mdogo aliegemea jembe lake. "Kumbe ukiwa mama yake balozi hata uvivu unaitwa majaribio," akasema, na watu wakacheka. Mjomba aligeuka akaanza kukusanya magugu. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Halafu ikaja dawa. Bwana shamba alivaa bomba mgongoni, na upepo ulikuwa unapanda mlima, unasukuma ule moshi mweupe kuelekea kwetu. Tulichukua mkeka wa kulalia, Bibi akashika ncha moja na mimi nyingine, tukausimamisha mpakani kama pazia, tukitembea kila alipotembea. "Juu zaidi!" alikuwa anapiga kelele chini ya kitambaa alichofunga mdomoni. "Kaeni nyuma ya mkeka! Mtani, unataka kufa kwa ajili ya giligilani?" Mikono ilitushika ganzi. Watoto walitucheka kutoka juu ya ghala. Ule mkeka Bibi aliufua mtoni mara kadhaa, na mwisho tukaufanya wa kuanikia maharage ya mbegu, kwa sababu hatukuthubutu tena kuulalia.

Nilirudi shule Januari. Nilieleza kazi yangu darasani nikitazama meza, mwalimu akaniambia nirudie kwa sauti, nikarudia. Lakini nilichokuwa nakifikiria mwezi baada ya mwezi ni zile buni. Bibi alikuwa kule peke yake na mistari ambayo mimi ndiye niliyeisemea. Nikiota, naota matunda yanapasuliwa na ndani ni meusi kama makaa, na mama mdogo anacheka.

Juni nilirudi likizo nikakuta mchumo umekwisha anza. Kahawa zilikuwa nyekundu, na wanawake walichuma vikapu vikiwa vimefungwa kiunoni. Sikusubiri kuvua sare. Nilikwenda moja kwa moja pembeni, nikachuma tunda, nikalipasua kwa meno. Jeupe. Jingine, jeupe. Jingine lina doa. Nikaacha hapo, nikaenda kumsalimu Bibi.

Kamati ilikaa uwanjani mbele ya ghala. Bwana shamba alikuwa na nyungo mbili, mmoja una matunda yetu na mwingine yaliyochumwa huku na huku katika shamba, na alikuwa amewaita watu wapasue wenyewe ili asiambiwe amechagua. Mama mdogo alipasua. Mwenyekiti alipasua. Mjomba alikataa kupasua, akakaa nyuma. Ilichukua muda, na hakuna aliyeimba.

Zetu zilikuwa na madoa. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu waliieleza kama muujiza, na haikuwa muujiza. Zilikuwa na madoa, lakini machache kuliko ungo wa pili, na huo wa pili ulikuwa umepigwa dawa. Na yale matunda ya miti iliyoguswa na figili yalikuwa madogo, bwana shamba aliyaonyesha hayo pia, hakunihurumia.

"Mistari inabaki," mwenyekiti akasema. Bibi alifunga upya khanga yake, basi, hakuonyesha kitu. Kisha mwenyekiti akasema kama kila nyumba ingeweza kupanda namna ile msimu ujao, labda lile bomba lingepumzika. "Aliyeanza aeleze."

Bibi akanisukuma mgongoni.

Nilisimama. Palikuwa na nyuso nyingi mno. "Pandeni giligilani katikati, mbali na shina," nikasema. "Halafu msichume."

"Sauti!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Msichume! Ziacheni zichanue!"

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi kijiji cha Nyandira. "Tupande mboga tusile?" mama mdogo akauliza, mikono kiunoni. "Mume akiniuliza mboga iko wapi, nimwambie inanyonyesha nyigu?"

Niliketi. Lakini walichukua mbegu. Bibi alizigawa kwa kijiko, za giligilani na za figili, akimpa kila mmoja na maneno yake, na mama mdogo alipofika mbele Bibi alijaza kijiko mpaka zikamwagika. "Harusi ndiyo hii," alimwambia.

Sasa ni Desemba tena. Mboga zimeota shamba zima, nzuri, zimesimama mbali na mashina kama zilivyoelekezwa, na tangu nirudi naona jambo lile lile kila asubuhi: kabla hazijatoa hata ua moja zimekatwa. Zimekatwa safi, kwa kisu, na kufungwa mafungu kwa ajili ya lori. Hakuna aliyefanya ubaya. Kila mwanamke amefanya kile ambacho mama yake alimfundisha, kwamba mboga isizeeke shambani watu wakaona. Kwenye mistari yetu peke yake kuna maua, na nyigu hawawezi kutoka kwetu kwenda shamba zima.

Jana nilimkuta mama mdogo na kisu mkononi. Nilimwamkia, akaitikia. Sikuikumbuka ndoo wala mto.

"Mama mdogo, hilo fungu liache."

"Nipike nini?"

"Nitakuletea mboga kutoka bustani ya nyumbani. Kila unachokiacha hapa, nitakuletea kama hicho. Mpaka zichanue."

Alinitazama kuanzia miguuni. "Utaniletea mlangoni? Watu wakiona?"

"Waone."

"Na wakisema shamba langu limelala?"

"Waambie nimekuzuia mimi. Waje wanigombeze mimi."

Alifikiri. Alikwisha kata mashina mawili, akayatia kwenye kikapu hata hivyo, kisha akafuta kisu kwenye khanga. "Na nyanya pia," akasema. "Mboga bila nyanya haipikiki."

Leo asubuhi nimempelekea mboga na nyanya. Kutoka kwake nikaenda nyumba ya pili, nikapiga hodi, na mzee mwenyewe akatoka, mtu ambaye sijawahi kumwambia neno zaidi ya shikamoo. Nilimwamkia. Kisha nikamweleza habari ya maua tangu mwanzo, na aliponiambia hasikii vizuri, nikaanza upya kwa sauti.